Siku Iliyozidi

Daktari aliandika saheul, kwa kalamu,
maana theluji ya Jinan ilikuwa imekata umeme wa zahanati.
Nami nikasoma kwa pupa ya ujana:
sa, nikajiambia, sa ni nne,
ndivyo tunavyohesabu ghorofa na namba za basi.
Nikafunga vipakti kumi na viwili,
asubuhi, mchana, jioni, mara nne,
nikampa Bibi Pyo Okbun kwa mikono miwili,
nikainama,
nikamsahau.

Siku ya nne alirudi.
Akapanga vipakti vitatu kwenye kaunta
kama mtu anayerudisha chenji.
"Siku hii si yangu. Umenizidishia."

Akavua glovu ya kulia, akanihesabia kwa vidole:
haru, moja. Iteul, mbili.
Saheul ni tatu, mwanangu. Tatu.
Nne ni naheul.
Yeolheul ni kumi, na mwezi ukijaa ni boreum,
siku kumi na tano.
"Maneno haya ni ya siku tu.
Hayahesabii mayai."

Miaka kumi na sita darasani,
na siku tatu za bibi zimenishinda.
Aibu ikanipanda hadi masikioni.
Ili nijistiri nikafungua faili lake,
nikamuuliza umri kwa neno la heshima, yeonse,
kwani neno la mtoto halimgusi mzee.

"Serikali inasema themanini na mbili.
Mimi nililala na themanini na nne."

Ni sheria, Bibi. Sasa tunaanzia sifuri,
kama nchi nyingine.

"Sifuri," akasema,
kama anayeonja mchuzi uliochacha.

Kwetu umri huliwa.
Asubuhi ya mwaka mpya kuna bakuli la supu,
vipande vyeupe vya mchele, mwani, yai lililokatwa nyuzi;
ukilimaliza, umekula mwaka.
Huyu alikuwa amekula chumvi na supu kiasi
cha kuujua uzito wa kila bakuli.

"Nilikuwa na mvulana," akasema.
Hakuniangalia. Aliiangalia mizani ya watoto pale pembeni.
"Alizaliwa seotdal, mwezi wa kufunga mwaka,
zimebaki siku saba.
Alipolia mara ya kwanza alikuwa na mwaka mmoja,
ule wa tumboni, alioutumikia gizani.
Mwaka mpya ukaingia. Nikala mabakuli mawili,
langu, na lake, limfikie kwa njia ya ziwa.
Basi akawa na miwili. Du sal.
Mama mkwe alicheka, akasema, huyu anakua mbio.

Alikaa yeolheul.

Nilizika mtoto wa miaka miwili.
Hivyo ndivyo nilivyowaambia majirani,
na hakuna aliyebisha.
Sasa wewe uliyesoma,
kwa hesabu yenu hii, ana miaka mingapi?"

Kwenye kioo, kishale kilipepesa
ndani ya kisanduku cha umri.
Jokofu la chanjo liliguna, likanyamaza.
Nilikuwa na jibu. Lilikuwa tarakimu moja,
duara, tupu katikati.
Nililimeza.

Akavaa glovu, kidole kwa kidole.
"Plasta za goti zinakuja lini?"
Zinakuja na gari la Jeonju, nikasema, lakini barabara...
"Nitakuja geulpi."

Chini ya kaunta, asikoona, nikakunja vidole:
kesho, kimoja;
kesho kutwa, cha pili;
geulpi, cha tatu. Mtondo, si mtondogoo.
Ndipo nikaitikia.

Kanuni yataka dawa iliyorudishwa itupwe.
Vile vipakti vitatu nimeviweka kwenye droo,
pamoja na kalamu zilizokauka na funguo zisizo na milango.
Vikiulizwa nitasema
ni siku ya mtu.
Sijui bado ni ya nani.